Maneno Ambayo Mayu Hakuyasema

Mwaka wangu wa tatu wa chuo kikuu sikuukaa chuoni. Nilikaa kilomita chache kutoka Ngulyati, katika nyumba ambayo wenyeji waliiita "kwa wapanda miti". Ilikuwa zamani makazi ya meneja wa ushirika wa pamba. Ushirika ulipoanza kuyumba na wanunuzi binafsi wakaingia na malori na mizani yao, nyumba ilibaki tupu, na chuo chetu, kwa msaada wa wafadhili, kikaichukua pamoja na eneo lake la ekari kumi na kitu. Kila mwaka kilileta wanafunzi sita wa masomo ya mazingira kuishi humo miezi kumi, si kwa ajili ya kusoma tu, bali kuishi vile tulivyokuwa tukifundishwa kwamba watu wanapaswa kuishi.

Masharti yalikuwa yamebandikwa mlangoni. Mkaa ulikuwa marufuku. Tulipikia jiko la udongo lililokula kuni chache, na kuni zenyewe zilitoka kwenye miti tuliyoikuta imepandwa na waliotutangulia. Maji ya kuoga yalikwenda kwenye migomba. Choo kilikuwa cha majivu, na baada ya miezi kadhaa kilichotoka humo kilikwenda shambani, jambo ambalo mama yangu alipolisikia alikataa kula mboga nilizompelekea. Mifuko ya rambo, ambayo miaka ile ya soko huria ilikuwa imejaa Bariadi nzima hadi ikaning'inia kwenye miiba kama maua, haikuruhusiwa kupita geti. Ukitoka mjini na kitu kwenye rambo, unakitoa, unakibeba mkononi, na mfuko unauacha kwenye debe nje. Na dawa yoyote ya dukani ya kuua wadudu haikutakiwa kukanyaga eneo lile. Tulitumia mwarobaini uliotwangwa na kulowekwa.

Katika wale sita mimi peke yangu nilikuwa mtoto wa huku. Kwetu ni Zagayu. Baba yangu alilima pamba maisha yake yote, na mimi nilikua nikipita kwenye mistari ya pamba na bomba la dawa mgongoni kabla sijajua kuandika insha. Wenzangu walitoka mikoa mingine. Mlezi wetu, mhadhiri tuliyemwita Dokta, alikuwa mtu wa Moshi, mpole, mwenye kuchukia uongo kuliko uvivu. Hakuna hata mmoja wao aliyejua Kisukuma zaidi ya salamu. Kwa hiyo kila mara mtu wa kijijini alipokuja na jambo, niliitwa mimi. Nilipenda kuitwa. Chuoni nilikuwa mwanafunzi wa kawaida mwenye lafudhi ya kuchekwa, lakini pale nilikuwa mtu wa lazima.

Kila mmoja wetu alikuwa na kazi yake. Mimi nilipewa bustani. Mwenzetu mmoja, dada kutoka Tabora ambaye baba yake alikuwa mrina asali, alipewa nyuki. Mizinga sita ilikaa chini ya mikwaju upande wa kaskazini, na yeye aliiangalia kama mtu anavyoangalia watoto wa mkwewe, kwa upendo na wasiwasi. Alikuwa anaandika tasnifu yake juu ya nyuki hao na uzaaji wa mazao yanayowazunguka. Kila jioni kabla jua halijazama alikaa kwenye kigoda na daftari, akihesabu wanaoingia na wanaotoka. Nilimtania kwamba anawaandikia mahudhurio.

Nje kidogo ya mikwaju hiyo, lakini ndani ya mpaka wa eneo letu, palikuwa na shamba la pamba la mama mmoja mjane. Alikuwa akililima tangu enzi za meneja wa ushirika, ambaye alimruhusu tu kwa wema, bila karatasi. Dokta alipoingia naye akamwachia. Sote tulimwita mayu, maana ndivyo nilivyomwita mimi, na kwa Kisukuma ni mama. Asubuhi akipita na jembe begani nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu," naye akaitika, "Mwangaluka, bhabha," yaani baba, kama mama anavyomwita mwanawe, akaniuliza habari za wazazi wangu ambao hakuwahi kuwaona. Mara nyingine alituletea matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa, kwenye bakuli la bati lililofunikwa na kitambaa. Wenzangu walijifunza kuyala na karanga.

Yule mayu ndiye mtu niliyemkosea.

Mwezi wa pili tuliambiwa kwamba wageni kutoka kwa wafadhili watakuja kuikagua nyumba. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Dokta alinishika bega mbele ya wenzangu akasema, "Bustani ndiyo watakayoiona kwanza. Nakutegemea." Bustani yangu wakati huo ilikuwa na kabichi, nyanya, na mstari mrefu wa maboga na matango yaliyokuwa yameanza kutoa maua. Siku tatu baadaye wadudu wakaingia. Asubuhi ya kwanza niliona majani machache yametobolewa. Ya pili, vidukari walikuwa wamejaa chini ya majani ya kabichi hadi yamejikunja. Nilipuliza mwarobaini, nikarudia kesho yake, nikaongeza pilipili na sabuni. Labda ingehitaji muda. Labda nilikosea vipimo. Nilichokiona mimi ni kwamba bustani ya mtoto wa mkulima wa pamba inaliwa huku wageni wako njiani.

Jumamosi nikaenda nyumbani Zagayu kusalimia. Chini ya kihenge cha baba palikuwa na chupa ya soda iliyojaa dawa ya pamba, imezibwa kwa gunzi. Zamani dawa ilitoka kwa ushirika, kwenye kopo lenye maandishi. Sasa ilipimwa dukani kwa chupa yoyote uliyokuja nayo, na muuzaji ndiye aliyekuambia kwa mdomo uchanganye vipi. Niliimimina nusu kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi nikakiweka katikati ya nguo zangu. Sikumwomba baba. Ningemwomba angenipa, lakini angeniuliza ni ya nini, nami tayari nilikuwa najua kwamba ni kitu cha kufichwa.

Jumatatu wenzangu wote walikwenda na Dokta kupima mmomonyoko kwenye makorongo ng'ambo ya mto. Nilisema tumbo linaniuma. Walipoondoka, kama saa mbili asubuhi, nilijaza bomba la nyumba, lile lile la mwarobaini, nikapita mstari kwa mstari. Nilipuliza kabichi, nikapuliza nyanya. Nikafika kwenye maboga. Maua yalikuwa wazi, ya manjano, na nyuki walikuwa ndani yake. Niliwaona. Sitasema kwamba sikuwaona. Nilisimama kidogo, nikafikiri kwamba wako wachache, kwamba nitapuliza majani tu na kukwepa maua. Lakini ukungu wa bomba haukwepi kitu, na mimi niliyekulia kwenye dawa nilijua hivyo kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

Nilipoinua kichwa nilimwona mayu amesimama kwenye pamba yake, ameshika jembe, ananitazama. Nilimpungia mkono. Naye akapunga. Kisha nikaenda kuliosha bomba mara tatu kwa sabuni, na kichupa nikakizika.

Jumatano dada wa Tabora alikuja jikoni. Alimshika mkono aliyekuwa karibu, akamvuta nje, na sote tukafuata. Chini ya mizinga minne nyuki walikuwa wamelala kama makapi yaliyopepetwa, wengine wakizunguka kwa migongo, wakitetemesha mabawa bila kuruka. Alipiga magoti akaanza kuwaokota mmoja mmoja, akiwaweka kwenye upande wa kanga yake. Nilipiga magoti pia nikamsaidia kuokota. Hilo ndilo linalonifanya nijichukie zaidi ya mengine yote, kwamba nilimsaidia.

"Ni sumu," alisema. "Baba alinionyesha. Wakifa hivi, mirija ya kunyonyea imetoka nje, ni sumu."

Macho ya watu wote yakaenda upande mmoja, kwenye pamba. Mwanafunzi mwenzetu mwingine akasema alimwona mayu na bomba wiki ile. Na kweli, mayu alikuwa amepuliza. Nilimwona hata mimi.

Dokta aliagiza aitwe. Alikuja mchana huo huo, akaketi kwenye benchi la barazani, miguu imepauka kwa vumbi la mbuga, mikono mapajani. Dokta aliketi mbele yake na mimi nikawekwa katikati. Wenzangu walisimama ukutani. Dada wa Tabora alikuwa bado ameshika kanga yake imefungwa fundo.

"Mwambie," alisema Dokta, "hatujamwita kumgombeza. Tunataka kujua tu. Mwulize kama amepuliza dawa wiki hii, na ni dawa gani."

Nikamwuliza kwa Kisukuma. Mayu akanitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu anayeulizwa na mwanawe jina lake. Akajibu taratibu. Alisema mwaka huu hakuwa na uwezo wa kununua dawa ya dukani hata chupa moja. Alisema alichopuliza ni mwarobaini, ule ule niliomfundisha mimi mwenyewe kuutwanga na kuuloweka, na bomba aliazima kwa shemeji yake. Kisha akasema, bila hasira, "Lakini Jumatatu nilikuona wewe, bhabha, ukipuliza kule kwenye maboga. Upepo ulikuwa unakuja kwangu. Harufu ile ilikuwa ya dawa ya pamba. Waambie."

Kuku mmoja alikuwa akiparua chini ya ngazi. Dokta alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu, anasubiri, na uso wake ulikuwa umejaa imani.

Nikasema, "Anasema ni kweli alipuliza. Hakujua kama nyuki watadhurika. Anaomba msamaha."

Ilitoka kwa urahisi. Hata sauti yangu haikutikisika. Nimefikiria sana tangu siku ile kwamba kama Kiswahili kingenikwama kidogo tu, huenda ningepata nafasi ya kurudi nyuma.

Dokta alishusha pumzi. "Mshukuru kwa kusema ukweli," akaniambia. Nikamgeukia mayu nikamwambia kwa Kisukuma kwamba Dokta amesikia, na kwamba atalifikiria. Mayu akanitazama muda mrefu. Kisha akasimama, akaaga, akashuka ngazi.

Dokta hakuwa mkatili. Alilifikiria jambo hilo siku mbili. Kisha akaamua kwamba mayu avune pamba iliyopo shambani, lakini msimu unaofuata asilime tena ndani ya eneo letu. Alinituma mimi kumpelekea habari. Nilimkuta nyumbani kwake anapembua mtama kwenye ungo. Nikamwambia. Aliendelea kupembua. Nilitegemea atapiga kelele, au atakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji ambaye angeelewa kila neno lake, na moyoni nusu yangu ilimwomba aende. Akasema tu, "Haya, nimesikia." Nikasimama pale kama mti. Hakunikaribisha kiti.

Wageni walikuja. Bustani ilikuwa nzuri. Mmoja wao aliinama akanusa jani la nyanya, akauliza tunatumia nini, nami nikamweleza juu ya mwarobaini, vipimo na muda wa kuloweka. Walinipiga picha nimeshika boga. Picha ile ilitumika kwenye kijitabu cha mradi, na nakala yake baba yangu aliitundika sebuleni hadi anafariki.

Mayu alivuna pamba yake mwezi wa saba. Nilikuwa bado pale. Nilimwona akifunga robota la mwisho kwenye baiskeli ya mtu. Baada ya hapo alipita njia nyingine, na asubuhi sikuwa na wa kumwamkia. Tulipomaliza miezi yetu na kuondoka, nilisikia amehamia Lamadi kwa binti yake aliyeolewa huko kwa wauza dagaa.

Nilihitimu. Nikapata kazi ya halmashauri, ofisa wa mazingira, na kwa miaka mingi kazi yangu ikawa kuwaeleza watu wasikate, wasichome, wasipulize. Nilikuwa mzuri katika kazi hiyo. Wazee walinisikiliza kwa sababu niliongea lugha yao. Kila nilipokaa kwenye benchi katikati ya mkuu fulani na mkulima fulani nikaambiwa "mtafsirie", mgongo wangu ulilowa jasho. Mke wangu alifikiri ni malaria. Nilimwambia ni joto.

Ilipita kama miaka kumi na miwili kabla sijatumwa Lamadi kwa jambo la kuni za kukaushia samaki. Ningeweza kutuma mtu mwingine. Nilipofika mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia samaki, niliuliza, na haikuchukua muda. Nilimkuta ameketi kwenye kiti kifupi pembeni ya neti zilizotandazwa dagaa, ana fimbo ya kufukuzia kunguru. Alikuwa amepungua sana. Binti yake, mwanamke mnene mwenye sauti, alikuwa akigeuza dagaa kwa reki. Alidhani mimi ni mgeni wa mama yake wa kawaida, akaniletea kiti na kikombe cha chai.

Nilimwamkia mayu. Akaitika, akaniambia, "Umenenepa."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza kueleza, kwamba siku ile barazani, alichosema yeye na nilichosema mimi...

"Najua ulichosema," alinikatiza.

Nikamtazama.

"Kiswahili nilikuwa nakisikia. Kukisema ndiyo nilikuwa naona haya, mbele ya wasomi." Alimtishia kunguru kwa fimbo. "Nilikusikia ukisema eti mimi naomba msamaha. Nikafikiri, mtoto ameogopa. Leo ameogopa, kesho atakwenda kwa mkubwa wake atamwambia. Nikakaa nyumbani nikingoja. Siku ulipokuja nikajua umekuja kwa ajili hiyo. Ukaniambia nisilime tena."

Nikasema lile nililokuwa nalo, kwamba nimekosa, naomba anisamehe.

Alimwita binti yake. "Njoo usikie," alisema. Kisha kwangu, "Huyu watu wa Ngulyati walimwambia mama yake amewawekea sumu nyuki wa chuo. Mkwe wake pia alisikia hivyo. Nimekaa nao miaka yote hii, na kila ukipotea mfuko wa chumvi mtu ananitazama. Mwambie. Mwambie kwa Kisukuma, halafu useme kwa Kiswahili na hawa jirani wasikie."

Nilisimama nikasema. Kwa Kisukuma kwanza. Wanawake wawili waliokuwa kwenye neti za jirani walisogea. Nikasema tena kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, chupa ya baba, maboga, nyuki niliowaona kwenye maua, maneno yake na maneno yangu. Niliposita mayu alinikumbusha. "Sema na harufu," aliniambia. "Nilikuambia harufu." Nikasema na harufu.

Nilipomaliza, binti yake alikuja nilipoketi, akachukua kile kikombe cha chai ambacho nilikuwa sijakimaliza, akakimwaga mchangani, akaenda nacho ndani. Mayu hakumkemea. Niliaga, naye akaitikia.

Wiki ile ile nilimtafuta dada wa Tabora. Alikuwa mhadhiri sasa. Nilimpigia simu mchana, ofisini kwake, nikamweleza.

"Unajua niliandika nini kwenye tasnifu yangu?" aliuliza. "Niliandika kwamba makundi manne yaliangamizwa na dawa ya pamba ya jirani. Nilimtaja kwa jinsi yake na umri wake. Sura ya nne. Iko maktaba. Wanafunzi wangu wananukuu."

Nikasema samahani. Akasema samahani haitoshi kwenye sura ya nne. Aliandika barua mwenyewe kwenda maktaba, ya masahihisho, akanitumia nisaini. Aliiandika vizuri, kwa ukali, bila kunipamba. Nilisaini mbele ya mke wangu, na ndipo ilinibidi nimweleze naye.

Dokta sikumpata. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nilikwenda pia halmashauri kuuliza kama lile shamba linaweza kurudishwa kwa mayu, nikaambiwa nyumba na eneo vilishauzwa, sasa ni ghala la mfanyabiashara wa pamba na mikwaju imekatwa. Nilipompelekea mayu habari hiyo alisema magoti yake hayawezi tena kulima, kwa hiyo nisijisumbue kwa ajili ya kujifurahisha.

Bado nikipita Lamadi kikazi nasimama. Mara nyingine mayu anataka kuongea, tunaongea habari za mvua na bei ya dagaa. Mara nyingine anasema amechoka, nami nageuza gari. Binti yake ananijibu salamu, kwa kuwa ni mwanamke mwenye adabu. Kiti analeta. Chai hajaleta tena, na mimi sijawahi kuiomba.